Stoo ya Kawaida

Miaka kumi na tisa Bi Kipimo amekuwa akikagua majengo ya biashara na kuyaingiza kwenye kompyuta chumba kwa chumba, aonyeshe kila kimoja kinakula umeme kiasi gani. Wasiomjua humwita jeuri, na wanaomjua humwita hivyo hivyo.

Meneja wa ghala la nyama alimwambia, "Dada yangu, hiki chumba cha baridi kiandike stoo ya kawaida tu, jengo lipate daraja zuri la matumizi ya umeme."

Bi Kipimo alifungua mlango mzito, akaingia, akaketi juu ya kreti katikati ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia, fomu magotini.

"Haya, kaka, vua koti uje tujaze humu humu. Stoo ya kawaida mtu haingii na koti."

Meneja akavua koti, akaingia akicheka. Kufika ukurasa wa pili meno yake yalikuwa yakigongana. Wa tatu akashika kitasa cha mlango.

"Zimebaki kurasa kumi na moja," alisema Bi Kipimo, naye akitetemeka vilevile. "Au niambie hiki ni chumba gani."

"Cha baridi."

Bi Kipimo akaandika, kisha akamsogezea kalamu atie sahihi kabla mkono haujapata joto.