Unga wa Kwanza ni wa Kuku

Mashine ya kusaga ya mjini kwetu ilinyamaza miaka mingi, popo wakaifanya kwao. Mwaka huu wakaipaka rangi ya kijani, wakasimamisha kibao na maturubai, wakasema ni tamasha. Aliyesimamia yote ni mjukuu wangu wa kike, na sitajifanya sikujivuna. Nilijivuna mpaka kilemba kikalegea.

"Bibi," aliniambia, "ulezi wako ndio utatangulia. Unga wa kwanza kabisa! Utasonga ugali, mgeni rasmi ataula na samaki sato mbele ya watu wote."

Nikakubali mbio, sikuuliza kitu. Ugali wangu unajulikana kuanzia hapa Butiama mpaka kwa ndugu zangu Mugango.

Asubuhi ya tamasha nimekaa kiti cha mbele, debe miguuni, nikamsikia fundi aliyeletwa kutoka Musoma akijisifu kwamba jana ameyachonga mawe ya kusagia upya, sasa yana meno makali. Nikalivuta debe karibu.

Maana mimi niliwahi kutangulia. Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu niolewe. Nilifika kwenye mashine hii hii na ulezi wangu kichwani, nikakuta wanawake wamekaa chini, hakuna anayesogea. Waliponiona wakachangamka. "Bibi harusi, pita! Pita mbele, mama, wewe mgeni wetu!" Nikapita natikisa mabega. Jioni mume wangu akatafuna tonge, ikasikika kama ng'ombe anakanyaga changarawe. Mama mkwe akatema, akasukuma sahani.

"Leo yamechongwa mawe," akasema. "Unga wa kwanza una mchanga wa mawe, ni wa kuku. Wale hawakukuheshimu, binti. Wamekutumia kusafishia mashine."

Tangu siku hiyo nilikuwaga siweki debe chini kabla ya kuuliza: yamechongwa lini? Wanawake wote wa foleni ile tumeshawazika. Kibao chao kipya kinasema nani aliileta mashine na ilikunywa mafuta gani. Hili la mchanga hawakuliandika, kwa sababu anayelijua ni mimi, na mimi sifa zilikuwa zimenisahaulisha.

Nikamwita mjukuu wangu. Hakusikia, anakimbizana na spika za muziki. Injini ikakohoa, ikashika. Nikamwaga nusu debe kwenye mashine. Nusu nyingine nikaikalia.

Unga ukatoka wa moto, mwekundu, mzuri wa kudanganya. Vigelegele! Mjukuu wangu akatangaza kwa maikrofoni, "Unga wa kwanza huo!"

"Wa kuku huo," nikasema.

Akaniinamia, anacheka kwa meno tu. "Bibi, tafadhali. Mgeni ameshakaa. Usiniaibishe leo."

"Fungua mdomo."

"Bibi!"

"Fungua, nimekulisha uji mimi."

Nikamtia unga ulimini. "Tafuna."

Akatafuna. Maikrofoni alikuwa ameisahau karibu na shavu, uwanja mzima ukasikia krrr. Kutoka nyuma kabisa, kwenye kivuli cha turubai la mwisho, sauti ya kizee ikapasua: "Nyie! Hayo mawe yamechongwa lini?"

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Kumbe sijabaki peke yangu.

Mjukuu wangu akajifuta mdomo. Nikadhani atalia. Akainua maikrofoni, akasema taratibu, "Ndugu zangu, nimesahihishwa. Unga wa kwanza ni wa kuku. Mgeni wetu atatuvumilia kidogo."

Nikainuka juu ya debe. Nusu ya pili ikasagwa, nikasonga mwenyewe, jasho likinitiririka mpaka kwenye kidevu. Ugali ukatosha meza kuu tu. Wengine walikula wali, wakalalamika, na walikuwa na haki.

Mgeni akakata tonge, akachovya mchuzi wa sato. Mjukuu wangu akanishika mkono, kucha zikaniingia kwenye ngozi. Tukaangalia taya za yule mtu, tukatega masikio.

Kimya. Akakata tonge jingine.