Seti ya Nne ya Mwalimu Nthiga

Mwalimu Nthiga wa Karurumo alianza kukusanya kadi za wachezaji kwa kunyang'anya. Miaka yote aliyofundisha darasa la sita, watoto walibadilishana kadi za mpira chini ya dawati wakati wa hesabu. Yeye alizitwaa, akazitupa kwenye droo, na muhula ukiisha akawarudishia wenyewe. Zilizokosa mwenyewe zikabaki. Siku moja akazigeuza na kuona zina nambari mgongoni, moja hadi mia moja themanini, na kwamba yeye anazo mia na nne. Mtu wa hesabu ukimwonyesha pengo umemwondolea usingizi. Akaanza kununua pakiti dukani, mtu mzima na tai shingoni, na wala hakuona haya.

Kufikia mwaka wa kustaafu alikuwa na seti tatu kamili, na ya nne inaanza. Kila seti ilikuwa na faili lake lenye kurasa za plastiki, na kila kadi ilikuwa na mfuko wake. Zilizojirudia zilikaa kwenye masanduku ya viatu yaliyogawanywa kwa vipande vya katoni, kumi kumi. Na kwa sababu manyunyu ya huku kwetu mwezi wa Julai hupinda karatasi yoyote, kila sanduku lilikuwa na kifuko cha mchele mkavu wa kufyonza unyevu, alichokibadilisha kila Jumapili akitoka kanisani. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Ciakuthii mkewe alifuta vumbi kando kando, basi.

Januari mwaka huu simu ya Ciakuthii ililia. Alikuwa Kirimi, mfanyabiashara wa ndizi kule Mitunguu, ambaye alikuwa akibadilishana kadi na Mwalimu miaka mingi kwa kuzituma na magari ya sokoni.

"Mama, samahani kukusumbua," Kirimi akasema. "Mwalimu ameniomba tena kadi nambari mia na kumi na mbili. Hii ni mara ya nne. Nishamtumia tatu. Kwani hazifiki?"

"Zinafika," Ciakuthii akajibu, ingawa hakujua.

Alingoja Mwalimu aondoke na mtungi kupeleka maziwa kituoni, akafungua faili la nne. Mfuko wa mia na kumi na mbili ulikuwa mtupu. Kadi mbili kati ya zile tatu alizikuta zimesongamana kwenye mifuko ya ishirini na kitu. Ya tatu ilikuwa kwenye faili la pili, nyuma ya nyingine. Hamsini na nane ilikaa mahali pa themanini na tano. Akaketi. Kuacha mfereji wazi, kumwita binti yake kwa jina la shangazi, hayo alikuwa ameyaona akajiambia ni uzee tu. Lakini kadi! Huyu mtu angekosea jina lake kwanza.

Sasa, alichofanya simsifu, na kumlaumu siwezi. Alizirudisha zote mahali pake. Kesho yake akakuta nyingine tano, akazirudisha. Ikawa kazi. Mwalimu akitoka na maziwa saa moja, anasimama senta, penye maduka, kupiga gumzo mpaka saa tatu, na yeye nyumbani anapekua mfuko kwa mfuko, mwanamke ambaye hajawahi kutazama mpira hata dakika moja. Alitaka tu mumewe akifungua faili asiogope. Aliogopa yeye kwa niaba ya wote wawili.

Pasaka binti yao Joyline, muuguzi huko Embu, akaja kuwaona. Kabla chai haijapoa, baba alikuwa amemuuliza mara tatu amekuja na gari gani.

"Baba, twende tu daktari akuangalie," Joyline akasema kwa upole. "Pengine ni kitu kinatibika, lakini kinataka mapema."

Mwalimu alileta faili la nne, akamwekea binti mapajani. "Taja nambari."

"Baba, si hivyo..."

"Taja."

"Sabini na tatu." Mwalimu akafungua, ipo. "Mia na arobaini." Ipo. Akamtajisha nambari kumi, na zote kumi zilikuwepo, maana mama mtu alikuwa amezipanga asubuhi ileile.

"Kichwa kibovu kinaweza hii?" Mwalimu akauliza kwa hasira. "Kama umekuja kunizika nikiwa hai, usirudi kwangu."

Joyline akamtazama mamake. Ciakuthii akatazama birika. Neno moja tu lingetosha, na halikutoka. Binti alichukua mkoba wake akaondoka bila chakula cha mchana, na tangu siku hiyo akawa anampigia mama peke yake.

Julai ikaingia na ukungu wake. Asubuhi moja Mwalimu alirudi kutoka kituoni mapema, akavua koti, akaleta faili mezani. Ciakuthii alikuwa akichambua njahi, yale maharagwe meusi.

"Mama Joyline," akasema, "wiki jana nilikuta unga kwenye plastiki. Mimi sipiki chapati. Nikajiuliza. Jana nikaweka tisini na moja kwenye mfuko wa kumi na tisa, makusudi." Akafungua ukurasa. "Leo iko kwake."

Ciakuthii aliacha mikono ndani ya njahi.

"Hiyo moja ni yangu," Mwalimu akasema. "Nyingine ulizokuwa unarudisha ni ngapi?"

"Nyingi, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Januari."

Akahesabu miezi kwa vidole, akapotea katikati, akaanza upya. "Na siku ile Joyline alipokuja?"

"Nilizipanga asubuhi hiyo." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa. "Nisamehe. Sikutaka uumie."

"Nimemfukuza mtoto wangu," Mwalimu akasema polepole, "kwa kazi ya mikono yako."

Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Alizitoa kadi zote mifukoni, akazichanganya mezani kwa viganja viwili, akavuta kiti cha pili.

"Keti hapa. Usiguse. Nikikosea sema, hata ikiwa mara mia. Joyline atataka kujua."

Akaanza. Moja, mbili, tatu, alienda vizuri mpaka kumi na saba, na Ciakuthii akaanza kumwomba Mungu kimyakimya. Baada ya kumi na saba akaweka sabini na moja, akailainisha vizuri kwenye mfuko, akanyoosha mkono kuchukua nyingine.

"Hapo, Mwalimu," Ciakuthii akasema. "Hapo umekosea."

Mwalimu Nthiga akavuta karatasi, akatia alama moja ya mkasi kwa kalamu nyekundu, kama kosa kwenye daftari la mwanafunzi, akaendelea.