Mti wa Pili kwenye Kasha la Kelera

Mume wangu Vilikesa huramba mbao. Anatoa ulimi, anaupitisha juu ya ubao, kisha anausogeza dirishani kuangalia pale palipolowa, maana ubao uliolowa mate huonyesha rangi utakayokuwa nayo ukishapakwa vanishi. Miaka thelathini na moja ya ndoa nimemwona akifanya hivyo, na bado nacheka.

“Baba Nanise,” humwambia, “majimbi yameiva. Au umeshashiba?”

“Huu una chumvi,” hunijibu bila kugeuka. “Umeota karibu na bahari.”

Huko kwetu Korovou mahogani si kitu cha kujivunia, vilima vyote nyuma yetu vimejaa. Yeyote mwenye msumeno atakutengenezea meza ya mahogani. Vilikesa alijipatia jina kwa mti wa pili, ule anaoupachika pembeni au katikati ili mahogani isikae peke yake. Watu walitoka mji mkuu, Suva, kumfuata kwa ajili hiyo tu. Kazi yake, asemavyo, ni kuchagua kwa macho ya miaka kumi ijayo. Mahogani huzidi kuiva kadiri inavyopigwa na mwanga, kwa hiyo mti unaopendeza nayo leo unaweza kumezwa nayo kesho. Ndiyo maana mteja akija na haraka humwambia aende akanunue plastiki.

Kwa mteja yeyote huchagua kwa siku moja. Kwa dada yake ilimchukua wiki tano.

Dada yake, wifi yangu Kelera, alikuwa ameolewa Ra, ng’ambo ya milima. Mwaka juzi ukaja ujumbe kwamba hospitali imemrudisha nyumbani, uvimbe wa titi umeshafika kwenye mifupa. Vilikesa alisikiliza simu, akaweka randa chini, akasema, “Nitamtengenezea kasha.”

Nilijua kasha gani. Kila msichana aliyetoka katika nyumba ile kwenda kuolewa aliondoka na kasha la mikeka na vitambaa vya magome, lililotengenezwa na kaka yake. Kelera aliondoka na mfuko wa plastiki. Alitoroka Jumapili moja na Osea, dereva wa lori la magogo, wakati sisi wengine tuko kanisani tunaimba. Baba yao alikuwa ameshafariki, na heshima yote ya nyumba ilikuwa mabegani mwa Vilikesa, kijana wa miaka ishirini na tano asiyejua hata kunyoa ndevu vizuri.

Alhamisi yake watu wa Osea wakaja na jino la nyangumi kuomba msamaha, kama inavyotakiwa. Waliketi kwenye mkeka wetu, mzee wao akalinyanyua lile jino kwa mikono miwili, akazungumza maneno mazuri. Vilikesa hakunyoosha mkono kulipokea. Mzee yule akaendelea kulinyanyua, na mume wangu anatazama ukuta. Mwisho wakainuka, wakashuka kwenda barabarani. Hawajatoka hata uani, Vilikesa akachukua shoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akaukata mchungwa wa Kelera.

Mchungwa ule ulipandwa siku kitovu chake kilipozikwa. Ulikuwa na umri wake, na ulikuwa umejaa matunda. Nililia nikimshika shati, akanisukuma.

Magogo yake aliyapanga chini ya nyumba, kati ya nguzo zake, na hayakuwahi kuguswa. Miaka miwili baadaye kikaja kimbunga, kikang’oa mapaa ya watu, na mimi nikapata mwanya. Nikamwandikia Kelera kwamba mchungwa wake umeangushwa na upepo. Akanijibu: asante kwa kunipa habari, wifi.

Sasa, kwetu kaka na dada wakishabalehe hawazungumzi wao kwa wao. Ni heshima, hakuna anayeshangaa. Wakikutana msibani kaka anakaa huku, dada kule, na kama kuna neno, hupitia kwangu. “Mwambie wifi yako,” anasema huyu. “Mwambie mumeo,” anasema yule. Wote wanasikiana vizuri kabisa, na mimi katikati narudia kama kasuku. Basi miaka ishirini na sita wakatumia heshima hiyo kuficha hasira, na kijiji kizima kikasema, angalia watu wenye adabu.

Kasha lenyewe alilimaliza kwa siku nane. Mahogani nyekundu isiyo na fundo hata moja, pembe zake zimeumana bila msumari. Kilichobaki ni mifuo miwili kuzunguka kifuniko, ya kupachika mti wa pili. Hapo akakwama.

Alijaribu vesi. “Ni mti wa machifu,” akasema, “na ukilowa unatoa maji mekundu. Atadhani damu.” Akajaribu damanu, ukafanana na mahogani hadi usiuone. “Nitakuwa sijaweka kitu.” Dakua ulikuwa mweupe mzuri, lakini laini, ukucha unaacha alama. Wiki zikapita. Alikuwa akiramba mbao mpaka midomo ikapasuka.

“Mwache achague mwenyewe,” nikamwambia. “Nimpigie simu nimuulize anapenda upi.”

“Utamuuliza nini? Kwamba sijui dada yangu anapenda rangi gani?”

Asubuhi moja sikumkuta karakanani. Nikasikia kitu kinaburutwa chini ya sakafu. Akatoka na gogo begani, vumbi hadi kwenye nyusi.

“Usithubutu,” nikasema.

“Ni mti wake.”

“Ulikuwa wake. Ukaukata.”

“Ndiyo narudisha!” Alipiga kelele, kisha akakaa chini kwenye vumbi la mbao. “Mama Nanise, sina kingine. Na yeye anajua ni kimbunga, kama ulivyomwandikia. Atajua tu kwamba niliuhifadhi.”

Hapo ndipo nilipopaswa kumzuia. Lakini uongo ule ulikuwa wangu, na ulikuwa umekaa vizuri miaka yote hiyo, nikauacha ufanye kazi mara moja zaidi. Tena, Mungu anisamehe, alipoupasua ulikuwa mzuri. Njano kama siagi, mgumu, nyuzi zake zimebanana, patasi inapita humo bila kurarua. Kando ya mahogani ulimeta. Sijaona kazi nzuri kuliko ile.

Tulimpelekea kwa gari la mpwa wa Vilikesa, tukiwa na mikeka na yaqona, mizizi ya kinywaji cha heshima. Kelera alikuwa amelazwa kwenye godoro sebuleni, amebaki macho na meno. Vilikesa alikaa karibu na mlango, amempa mgongo nusu. Mimi katikati, mahali pangu pa siku zote. Binti wa Kelera, Ateca, akalisogeza kasha hadi mkono wa mama yake ukalifikia.

Alilipapasa kwa muda mrefu. Vidole vikafika kwenye mfuo wa njano, vikasimama.

“Huu ni mchungwa,” akasema.

“Ndio wako, wifi,” nikadakia. “Mume wangu aliuhifadhi. Tangu kile kimbunga.”

Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

“Wifi, siku ile ya jino la nyangumi nilikuja na watu wa Osea. Nilikuwa ndani ya lori pale darajani, nimevaa vizuri, nasubiri niitwe nije nilie mbele yake. Nikasikia shoka. Nikaona kilele cha mchungwa juu ya paa, kinatikisika, kisha hakipo.” Akapumzika kidogo, pumzi ilikuwa inamkata. “Barua yako niliielewa. Uliniandikia kwa huruma, nikakuachia.”

Nilitaka sakafu inimeze.

“Mwambie mumeo kasha nimelipenda,” Kelera akasema. “Ninalichukua. Mahogani yake nzuri. Ila hii njano aitoe. Aliuchukua ukiwa hai, asiniletee umekufa.”

Sikumwambia. Hakukuwa na haja. Vilikesa alishainuka.

Kazi hiyo aliifanya barazani, tukisikia patasi. Mti uliogandishwa kwa gundi hautoki mzima, ulitoka vipande vipande, naye anavuta pumzi kama anayeng’olewa meno. Alipomaliza aliokota vyote hadi unga wake, akavitia mfukoni mwa shati. Kasha likarudi ndani na mifuo miwili mitupu.

“Mwambie wifi yako,” akasema toka mlangoni, sauti haisikiki vizuri, “nitie mti gani?”

Kelera alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

“Mwambie mumeo nitafikiria.”

Basi tulirudi na neno hilo moja, nitafikiria, na mume wangu akaishi juu yake kama mtu aliyepewa ahadi. Alikata vipande vya kila mti, urefu wa kidole, akavipiga msasa na kuvipaka vanishi, akaandika majina nyuma na kumpelekea Ateca avipange kando ya godoro. Kila simu ikilia alisimama. “Amechagua?” Ateca anasema mama amevishika leo. Mama amekinusa kimoja. Mama leo hakuamka vizuri. Wakati mwingine nilitamani nimpigie Vilikesa mwenyewe simu nijifanye Ateca, niseme amechagua dakua. Lakini nilishadanganya ya kutosha.

Siku ya kumi na tisa simu ililia, na Ateca alikuwa akilia.

Tulizika Jumamosi, hukohuko Ra. Kasha lilikuwa pale sebuleni, mikeka yake imeshapangwa ndani, na kile kifuniko na mifuo yake wazi, watu wanaweka vikombe juu yake. Vipande vya mbao vilikuwa ndani ya kikapu. Nilivitazama kimoja kimoja nikitafuta alama, hata ya ukucha. Hakuna.

Makaburini, udongo ulipokwisha kusawazishwa, kina mama nao wakatandika mikeka juu, watu wakaanza kushuka. Vilikesa akabaki. Nami nikabaki karibu yake, kama ilivyo kazi yangu.

“Kelera,” akasema.

Nilishtuka. Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akimwita dada yake jina lake.

“Kelera, ni mimi niliyeukata.” Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi shingoni, wala hakuyafuta. “Nilikosea. Nitie mti gani?”

Nikasubiri aseme, mwambie wifi yako. Hakusema. Alikuwa amemuuliza mwenyewe, basi nikatoka katikati yao.