Walimpima Yeye, Si Mlango

Vijana wa kujitolea wa kanisa walimpima fundi cherehani Bi Sindano kiuno, mapaja na miguu, ili kiti cha magurudumu kimkae sawasawa. Tangu apooze miguu, alikuwa akitoka chumbani mgongoni mwa mdogo wake, na sasa mdogo wake ni mjamzito, haruhusiwi kuinua hata ndoo. Tumaini lote likabaki kwenye kiti.

Siku ya kukileta waliimba, wakaomba, wakakisukuma. Kikakwama mlangoni. Wakakiinamisha, wakakigeuza, wapi!

Mwenye nyumba akapaza sauti kutoka uani, "Fremu ya mlango wangu isiguswe!"

"Leo tutakubeba hadi nje, mama," kiongozi wao akasema, jasho likimtiririka.

"Na kesho, mwanangu?"

Kijana akainamisha kichwa. "Tulikupima wewe tu. Mlango hatukuupima."

"Basi niacheni nilipo. Ahsanteni, Mungu awabariki."

Walipoondoka, kiti kilibaki nje kikiota jua.

"Mdogo wangu," Bi Sindano akasema, "kiti kimeokoka. Mimi bado."

Wakacheka. Kisha akashika mpini wa cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono, akashona kwa mwanga wa mlangoni ambao kiti hakikuuziba.