Jini wa Jumba la Kijiji

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliolelewa Guangzhou, Uchina, wakati kila kona ina winchi, mnakumbuka vile vijiji vilivyomezwa na jiji? Chetu kilikuwa karibu na Pazhou. Vichochoro vyembamba, harufu ya tangawizi na samaki wakavu, nasi watoto tukipiga danadana kwa kishada cha manyoya ya kuku mpaka tuitwe kula.

Mwisho wa kichochoro palikuwa na jumba kuukuu la tajiri wa ukoo, limefungwa miaka na miaka. Wanakijiji walisema mke mkubwa wa yule tajiri hajatoka humo hata alipokufa. Jioni husimama dirishani kukagua watoto, na mgeni asiyejitambulisha kwake huleta mkosi.

Basi mjukuu wa Bibi Lin, mwenye nyumba wetu, akashikwa na homa. Lawama zikatuangukia sisi, wageni pekee pale. Mwezi ukiisha, mhame! Baba, aliyeshinda bandarini Huangpu akipakia mizigo ya watu kwenye makontena, alibembeleza wee. Jibu la Bibi Lin likawa lile lile: "Buxing, laoban!" Haiwezekani, bosi. Nililia kwikwi, maana marafiki zangu wote walikuwa pale.

Mama, mtu wa Mombasa, hakulia. "Jini tu huyo. Kwani kwetu hatuna?"

Ijumaa jioni akajitanda buibui, akatia ubani na udi kwenye chetezo, akaenda kumfukuza. Pale kwenye geti la jumba akafukiza huku akisoma Ayatul Kursiy, na katikati anachomeka: "Toka! Nenda kwenu! Tumechoka nawe!"

Vikongwe wakaanza kutoka majumbani mwao mmoja mmoja. Nikajua leo hatulali hapa. Kumbe wao nao humfukizia yule marehemu ubani, kumheshimu! Bibi Lin akaja na vijiti vyake vya ubani, akasimama kando ya mama, akainama, machozi yanamlenga. Aliona mgeni amekuja kujitambulisha kwa heshima zote.

Kesho yake akaleta machungwa, akasema tukae tutakavyo. Mama akashika mdomo. "Astaghfirullah! Namtimua mtu, nazawadiwa machungwa!" Siri hiyo hatukuitoa.

Leo wanangu wanaishi ghorofani, lifti na kamera kila pembe. Juzi nilimuuliza binti yangu jirani wa mlango wa pili anaitwa nani, akanitazama kana kwamba nimemwomba pini ya simu yake. Haya, maendeleo! Siku tuliyohama, kijiji kikibomolewa, Bibi Lin alimng'ang'ania mama mkono hadi dereva akapiga honi. Wanangu wakihama, atakayejua ni mlinzi wa geti.