Vigari Kwenye Ungo

Nina vigari vya chuma vya zamani, vile vya kuchezea watoto vinavyoenea kiganjani. Mtaani kwetu Mbinga wanajua, na wameshachoka kunicheka. Mtu mzima mwenye mvi anakaa barazani na lenzi ya fundi saa jichoni, anakagua mchezo wa mtoto. Wacheke tu. Vingi vilifika huku zamani kwenye vifurushi vya Krismasi vya misheni, pamoja na sweta na pipi, vikagawiwa watoto wa Kigonsera na Litembo ambao leo ni babu na bibi. Napita nyumba kwa nyumba nikiviulizia. Mara napewa bure, mara naacha kilo ya sukari.

Thamani ya kigari iko kwenye ngozi yake, na hapo ndipo watu tunapopishana. Kikiwa uchi, chuma chake ni kijivu tu, rangi ya sufuria iliyochoka. Kiwandani walikipaka rangi, wakakioka, taa za mbele wakazigusa kwa rangi ya fedha kwa ncha ya brashi. Vingine waliving'arisha kwanza, kisha wakavipaka rangi nyepesi inayopitisha mwanga, nyekundu au kijani, ukikigeuza kimoja juani unaona chuma kinawaka kwa ndani. Hivyo ndivyo ninavyovitafuta. Rangi iliyolika kwenye kingo kwa kuchezewa naikubali, hiyo ni haki yake. Rangi iliyopakwa upya siitaki, na haiwezi kujificha, maana brashi huacha michirizi. Sivioshi kwa sabuni wala sivishiki kwa mkono wenye jasho. Na viko vyenye ugonjwa: chuma kilichanganyika na uchafu tangu kiwandani, miaka ikipita kinavimba na kupasuka chenyewe chini ya rangi nzuri. Ninacho kimoja cha buluu cha namna hiyo. Hakina dawa.

Mtu hafikii kupenda vitu hivi akiwa na pa kwenda. Mimi nilifungwa hapa nyumbani. Siku ya kuondoa matanga ya baba, ndugu zangu walikaa kikao wakagawana majukumu. Kaka yangu yuko Songea, ana watoto. Dada yangu yuko Dar, ana kazi. Mimi kitinda mimba nilikuwa sina mke, kwa hiyo nilionekana sina shughuli. Wakasema nitakaa na mama, wakapanda basi. Nikabaki na nyumba ya tofali, shamba la kahawa mteremkoni, kibanda cha kutengeneza simu sokoni, na mama.

Mama si wa huku juu. Ni Mnyasa wa Mbamba Bay, ziwani, aliolewa huku milimani Umatengo akiwa binti, na baridi ya Mbinga haijamwingia akilini mpaka leo. Huvaa sweta mbili, ya juu imefungwa vifungo mpaka shingoni, na kama mezani hakuna usipa, dagaa wa kwao, anasema hajala.

Usipa huo ndio ulionikutanisha na mwanamke. Nilikuwa nateremka Mbamba Bay kumnunulia mama, huku nikiulizia vigari, na karibu na soko palikuwa na mshona nguo aliyeniomba lenzi. Akakitazama kigari chekundu kwa muda mrefu, kisha akasema kumbe kuna watu wanalipwa kuficha chuma. Nikarudi wiki iliyofuata, usipa nyumbani ukiwa bado umejaa. Lakini yeye hakutaka kupanda Mbinga, wateja wake na nyumba yake viko ziwani, na mimi nilimwambia siwezi kumwacha mama. Akaelewa mwaka wa kwanza. Akaelewa na wa pili. Pasaka ya mwaka jana akaolewa na mtu mwingine, akanipigia simu mwenyewe kuniambia, kwa heshima kabisa.

Mama alijua nina mtu ziwani, lakini kwamba ameolewa sikumwambia. Ningeanzaje? Niliendelea kumchemshia maji ya kuoga, na nitasema wazi kwamba ziko asubuhi nilizomchukia, nikiwa nimeinama hapo jikoni nikipuliza moto wake. Kisha anapita akiburuza ndala, ananiuliza kama nimelala vizuri, na naona aibu. Nikienda shambani nilikuwa nageuka kabla ya kufika mwisho wa mteremko, nikihofia kumwacha peke yake. Hata kwenye kibanda, mteja akiniambia anasafiri, niliipokea simu yake kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyenifunga.

Masika ya mwaka huu ukungu ulishuka vibaya. Unyevu ni adui wa chuma, nikavitoa vigari vyangu kwenye kabati la vioo, nikavifunga kimoja kimoja kwa kitambaa cha pamba, nikavipanga kwenye sanduku la bati. Mama alikuwa kwenye kiti chake akinitazama. Kesho yake nikamwomba binti wa jirani alale naye, nikaenda Songea kuchukua vipuri vya simu.

Niliporudi, nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, amekunja mikono ya sweta. Mbele yake kulikuwa na ungo, na juu ya ungo vigari vyangu vimeanikwa juani, vyeupe. Sikuvitambua. Beseni la pembeni lilikuwa na maji ya majivu yenye utando wa rangi, na kopo la mchanga wa ziwa lilikuwa karibu tupu. Nikainua kimoja. Nyekundu ilibaki kidogo kwenye pembe za madirisha, mahali ambapo kidole chake hakikufika.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimevisugua. Vitu vya kupeleka ukweni haviendi vimechakaa hivyo."

Akanieleza kwa furaha, hakuwa ameuona uso wangu bado. Aliniona nafunga mizigo, akajua hatimaye nakwenda kwa yule mshona nguo. Na kwao hakuna chombo kinachovuka kizingiti cha wakwe kabla ya kulowekwa kwenye maji ya majivu usiku kucha na kusuguliwa kwa mchanga wa ziwa. Sufuria zake mwenyewe zilipandishwa Mbinga zinang'aa hivyo hivyo. Mchanga aliagiza kwa dada yake siku nyingi, akauficha chini ya kitanda, akiningoja.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea, "Umeniharibia kitu pekee nilicho nacho katika nyumba hii."

Mama akakiweka chini kigari alichokuwa akikikausha.

"Na mimi je? Nina nini katika nyumba hii?"

Ndipo akasema. Tangu tulipomzika baba anataka kurudi ziwani, dada yake ana chumba kitupu. Lakini kwao mama haachi nyumba yenye mwana asiye na mke. Wangesema amemtupa. "Nimekungoja uoe, baba," akasema. "Nimeganda kwa baridi nikikungoja wewe."

Nikakaa kwenye mkeka. Hasira ilinitoka yote kwa mara moja, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira. Nikamwambia yule mwanamke ameolewa tangu Pasaka ya mwaka jana.

Hakuuliza na nani. Alikitazama kigari cha buluu, kile kigonjwa, ambacho bila rangi nyufa zake zote zilikuwa wazi, akakifuta kwa ncha ya khanga.

"Basi desturi imenishinda," akasema. "Mimi nakwenda."

Wiki ile ile nilimpeleka. Gari lilipoanza kuteremka kuelekea ziwani alivua sweta ya juu, na kabla hatujaona maji akavua na ya pili, akazikunja zote mbili akanipa nirudi nazo. Sasa hunipigia karibu kila jioni kuuliza kama nimekula. Nyuma ya sauti yake nasikia watoto na kelele za vyombo, naye hana muda mrefu wa kuongea. Vigari nimevirudisha kabatini. Kwa lenzi naona alama za tupa ya fundi aliyevilainisha kabla ya kupakwa rangi.

Jana kaka yangu alipiga kutoka Songea. Akasema sasa hakuna anayenishika, basi nitakwenda wapi? Nikamjibu bila kufikiri kwamba nangoja kwanza nivune kahawa.

Akauliza, "Kahawa si umeshavuna?"