Shirazi ya Bibi, Shirazi ya Bwana Behruz

Harufu ya ndimu kavu haibishi hodi. Hupita chini ya mlango, hukaa kwenye makoti yaliyotundikwa, na kesho yake ukiwa skuli unaikuta kwenye mkono wa sweta yako. Majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi, harufu hiyo ilitujia kila jioni katika fleti yetu ya Flemingdon Park, huku ughaibuni, imechanganyika na vitunguu vya kukaanga na majani fulani mabichi tusiyoyajua. Mama, ambaye alikuwa akihudumia wazee na kurudi miguu imemvimba, alisema ni harufu tu ya watu wanaojua kupika. Baba alisema mtu anayeishi peke yake na kupika kama ana harusi, huyo ana jambo lake. Bibi, mama yake baba, aliyetufikia kutoka Makunduchi kule Unguja muda mfupi kabla ya theluji kuanza, alifumba macho, akainua pua, akasema, "Hizo ndimu kavu. Huyo mtu wa bahari." Kwenye ndimu alipatia. Kwenye bahari alikosea, na kosa hilo lilikaribia kumvunja.

Kabla sijaenda mbali, niseme kwamba mimi si mtu wa vitabu. Sekondari nilimaliza kwa kusukumwa, na historia nilikuwa nikisinzia. Huenda hapa kuna mambo nimeyachanganya. Lakini sitaki kumwonea mtu, hasa waliokwisha kutangulia, kwa hiyo nianze na haki ya baba. Baba alifanya kazi usiku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Maombi ya Bibi ya kubaki nchini yalikuwa bado hayajajibiwa, na baba alimjua mtu mmoja wa mtaa wa Rexdale ambaye maombi yake yalikataliwa, ikasemekana jirani ndiye aliyepeleka maneno. Ilisemekana tu, hakuna aliyekuwa na hakika. Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja, na baba aliishi kwa methali hiyo kama wengine wanavyoishi kwa sala. Tulifundishwa kutojibu swali lolote la mlitoka wapi, mko wangapi, nani anafanya kazi wapi. Na tatizo lake kubwa lilikuwa Bibi, kwa sababu Bibi alikuwa hawezi kusalimiana na mtu bila kumwambia kwamba sisi ni Washirazi, wazee wetu walitoka Uajemi.

"Mama," baba alimsihi, "ukiwaambia hawa umetoka Uajemi, watauliza kwa nini kwenye maombi tumeandika Zanzibar."

"Waulize. Mwacha asili ni mtumwa."

"Asili yako iache ndani, mama yangu. Huku nje iwe Makunduchi tu."

Jirani wa ndimu tulikutana naye kwenye lifti. Alikuwa mzee mwembamba, masharubu meupe, shingoni ana utepe wa kupimia nguo, maana kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu mlemle ndani kwake. Alisema kwa Kiingereza kilichokwaruza kuliko cha baba kwamba anaitwa Behruz, na kwamba ametoka Shirazi. Sikuwahi kumwona Bibi akisimama wima namna ile. Alijipiga kifua juu ya koti, kanga ikichungulia chini yake, akasema, "Shirazi! Mimi Mshirazi!" Bwana Behruz akamtazama, uso mweusi, kanga, viatu vya theluji vya mama vilivyomzidi, akacheka. Mpaka leo kicheko kile sijakielewa. Huenda kilikuwa cha furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu ughaibuni. Huenda kilikuwa kile kingine. Bibi alikichukua kuwa kile kingine.

"Muulize," akaniambia tulipofika ghorofani, "Nairuzi kwao ni lini."

Nairuzi ni mwaka mpya wetu wa kale, ambao Makunduchi huufanyia sherehe kubwa ya Mwaka Kogwa. Nikamuuliza. Akajibu kwamba haiko mbali, ni Machi hii, theluji ikianza kuyeyuka. Bibi aligeuka bila kuaga. Ndani akatamka hukumu, "Muongo. Nairuzi ni Julai. Mtoto wa chekechea Makunduchi anajua. Huyu jina la mji kaliokota." Na ninavyoamini, upande wa pili wa ukuta yule bwana naye alikuwa akijiambia maneno hayohayo juu yetu.

Pengine yangeishia hapo, lakini Machi ilipofika Bwana Behruz alileta sahani ya vileja vya unga wa dengu, vidogo kama vifungo vya koti. Baba alitaka tuvitupe. Bibi alivionja, akala vyote. Sasa, sahani ya jirani hairudi tupu. Akairudisha na vitumbua. Kumbe na kwao ni vivyo hivyo, sahani haiendi tupu, ikarudi tena na tende. Ndivyo watu wawili wasioaminiana walivyojikuta wamefungwa na sahani moja, kila mmoja akiona aibu kuwa wa kwanza kuacha. Mwisho akawa anakaribishwa mchana, baba akiwa amelala, mlango ukiwa umeachwa wazi kwa ajili ya adabu, mimi nikirudi kutoka skuli nakaa katikati natafsiri. Kiswahili changu kilikuwa cha kusikia kuliko kusema, lakini hapakuwa na mwingine.

Alichokuwa akisimulia ni mji wake. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akiuzungumzia mji kama mtu anayezungumzia mama mkali. Alisema una bustani za michungwa, maua yake yakichanua, kwa harufu yake hata mlevi hushika njia. Alisema Wamongolia walipokuja wakiteketeza miji, wa kwao ulipona kwa sababu mtawala wake aliwahi kutuma zawadi na kuinamisha kichwa, na kwamba watu wa miji mingine hawajawasamehe hadi leo kwa kubaki hai. Alisimulia matetemeko ya ardhi yaliyoangusha misikiti, ikajengwa, ikaanguka, ikajengwa. Alisimulia habari za mtawala aliyeufanya mji makao yake makuu lakini akakataa kuitwa mfalme, akajiita wakili wa raia, maneno mawili ya lugha yao yaliyofanana na yetu, ambayo Bibi aliyadaka kabla sijafungua mdomo. Alipokufa, adui yake alibomoa kuta za mji, akafukua mifupa ya yule marehemu na kuizika chini ya kizingiti cha jumba lake mwenyewe, ili kila akiingia na kutoka aikanyage.

"Lo! Chuki gani hiyo ya kufuata mtu kaburini," Bibi alisema. "Mwambie huyo alikuwa anamwogopa bado."

Nikamwambia. Bwana Behruz akamwita khanumu, neno ambalo Bibi aliamua mwenyewe kwamba maana yake ni Bi Mkubwa. Kisha akaeleza lango la mji wao, lililowekewa msahafu juu ili msafiri apite chini yake. Bibi akashika mkono wangu. Siku baba alipoondoka Makunduchi kuja huku, yeye mwenyewe alisimama mlangoni na msahafu juu, akampitisha chini yake. "Unaona?" akaniambia mimi. Mimi nilikuwa nimeanza kuona.

Ndipo Bibi naye akatoa historia yake. Alieleza kama alivyopokea kwa bibi zake. Sultani wa Shirazi aliota ndoto, panya mwenye pua ya chuma anatafuna kuta za mji. Akajua mji utaanguka. Akachukua wanawe, wakaingia majahazi saba pale ufukweni kwa mji, wakaja pwani yetu. Wakati natafsiri, uso wa Bwana Behruz ulikuwa ukijikunja kidogokidogo. Nilipofika kwenye ufukwe akainua mkono.

"Ufukwe gani?" akauliza. "Shirazi haina bahari. Ni milima. Kutoka kwetu hadi baharini ni safari ya siku nyingi kwa nyumbu."

Niliyatafsiri kama alivyoyasema. Bibi aliomba niyarudie, nikayarudia. Maisha yake yote alikuwa ameiona Shirazi akilini, nayo ilikuwa mji wa pwani, mawimbi yakipiga mguuni pa kuta. Hakubisha. Alikusanya vikombe, chai ikiwa bado ndani, akaenda jikoni, na hakurudi mpaka mgeni alipojiondokea.

Baada ya hapo hakusema tena "sisi Washirazi." Baba aliipata ile Makunduchi tu aliyoitaka, na hata yeye, nadhani, haikumfurahisha. Bibi alikuwa akikaa dirishani akitazama magari ya barabara ya Don Valley, hali chakula ipasavyo, hamuulizi mtu habari. Nami nilimtilia shaka, nakiri, kama mtoto anavyotilia shaka. Kama bahari haikuwepo, panya je? Na wale wanawe? Na sisi ni akina nani basi? Upande wa pili wa ukuta nako hali ilichafuka. Meneja wa jengo alimwita Bwana Behruz kwa sababu ya malalamiko juu ya harufu ya chakula, na yeye akaamini ni baba. Akawa anaingia lifti nyingine akituona. Baba akasema, "Si mnaona? Mtu safi angekwepa watu?" Kikulacho ki nguoni mwako, akaongeza, ingawa yule bwana hakuwahi kukaribia nguo zetu isipokuwa suruali moja ya mama.

Ikaja Julai. Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, nyumba isiyopata mgeni, mwaka wake una nuksi. Watu huvizia wapita njia wawaingize ndani wapate kula. Na kabla ya kula, wanaume hutoka uwanjani kupigana kwa mabua ya migomba na kutoleana maneno yote waliyowekeana mwaka mzima, ili mwaka mpya usiyarithi. Bibi aliamka alfajiri akapika boko boko, ngano iliyopondwa na nyama. Marafiki wa mama wote walikuwa kazini. Aliufungua mlango, akakaa kwenye kiti akiukabili ujia wa ghorofa, leso mpya kichwani. Adhuhuri ikapita. Akapita mtu wa posta, akaambiwa "karibu," akatabasamu, akaenda zake. Bibi alianza kulia bila sauti, na baba aliyekuwa ametoka kuamka akasimama nyuma yake hajui pa kuweka mikono.

Lifti ikafunguka, Bwana Behruz akatoka na mifuko ya supamaketi. Alituona, akainamisha kichwa apite. Kutoka kwenye mfuko wake yalichomoza majani ya vile vitunguu virefu, vinene, vyenye shingo nyeupe.

Bibi aliinuka, akachomoa kimoja, akampa baba. Akachomoa kingine, akamtia mwenye mifuko mkononi. "Haya. Semeni."

"Mama, mimi nimekesha kazini."

"Basi piga ukiwa umechoka."

Nilimweleza Bwana Behruz desturi ile kwa haraka, nikihema. Akadhani namtania. Lakini baba alikuwa ameshaliona chozi la mama yake. Akampiga Bwana Behruz begani, polepole, kama anayefuta vumbi. "Unauliza maswali mengi," akasema. Akapiga tena, kwa nguvu kidogo. "Nani amekutuma kwetu?"

Bwana Behruz aliweka mifuko chini. Akamchapa baba mbavuni mpaka majani yakaruka. "Hakuna aliyenituma! Na wewe umenishitaki kwa meneja kwa harufu ya chakula changu!"

"Mimi? Chakula chako mama yangu anakinusa kama manukato! Sijakushitaki!"

"Basi nani?"

"Nitajuaje? Ghorofa nzima ina pua!"

"Mchape tena," Bibi alihimiza, hajui wamesema nini, "huyo mwanangu mbishi tangu mdogo!" Wakachapana mpaka zulia likawa kijani, wanaume wawili wazima wenye mashaka, mama akirudi kutoka kazini akawakuta hivyo, akaegemea ukuta akacheka mpaka akakaa chini.

Bwana Behruz akaingia ndani akala. Alipomaliza sahani ya pili alisema ana neno kwa khanumu, alilokaa nalo tangu siku ya bahari. Alikuwa amempigia simu dada yake kule Shirazi. Dada alimwambia kwamba zamani mwaka wao ulikuwa hauongezewi siku yoyote, kwa hiyo Nairuzi ilikuwa ikihamahama kwenye majira, mpaka wataalamu walipoirekebisha ikatulia Machi. "Anayeihesabu bado kwa njia ya kale," akasema, "ni mtu aliyeondoka kabla hatujairekebisha. Sisi tulisahau kuwaambia. Tuwieni radhi."

Bibi alisikiliza tafsiri yangu hadi mwisho. "Mwambie," akasema, "ametuchelewesha sana."

Niseme ukweli wa upande huu pia. Sijui kama Bwana Behruz aliamini alichosema. Watu wake wana adabu ya kumpa mgeni neno analolihitaji. Kalenda inaweza kuletwa na mfanyabiashara mmoja, haihitaji sultani. Wapo wanaosema watu wa bandari za mkoa ule walijiita kwa jina la mji mkubwa, na wapo wanaosema hakuja mtu kabisa. Siwezi kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile Bibi alikula, na alikuwa Mshirazi mpaka alipozikwa kwenye udongo wa huku. Majibu ya maombi yake yalikuja mazuri, na hakuna aliyeuliza lolote juu ya Uajemi.

Sasa naishi Mount Dennis na mwanangu, anayenisikia Kiswahili na kunijibu Kiingereza. Mlango wa pili amehamia mwanamke mwenye watoto. Namwona kwa tundu la mlango wangu akifungua na kufunga wake. Lugha yake siijui. Sijamuuliza ametoka wapi, kwa kuwa nakumbuka swali hilo lilivyomtetemesha baba, na huenda naye ana maombi yake yanayosubiri. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Nyingine ni kwamba simwamini, na sina sababu ya kutomwamini. Baba aliogopa kuulizwa. Mimi naogopa kuuliza, na sidhani kama mji wowote umepona kwa njia hiyo. Nairuzi iliyopita nilipika boko boko, nikavaa vizuri, nikamsikia akipita na watoto wake, nikasimama kimya mpaka hatua zao zikaisha. Sisemi mwaka huu umenijia na nuksi. Nasema tu kwamba tulikula wawili, na chakula kilibaki.